Nguo Iliyodhaniwa Kuwa Mwani

Mtu aliyezaliwa pwani hafundishwi mwani. Maji yakitoka, yeye hushuka ufukweni akaukanyaga tangu hajajua kuvaa ndara. Aujua ulio laini na ulio mgumu, na aujua ule unaoletwa na kusi ukaozea juu ya mchanga hata wapita njia wakaziba pua. Kwa hivyo, akiambiwa kwamba yuko mtu aliyeshindwa kupambanua baina ya mwani na kipande cha nguo, jambo la kwanza atakalofanya ni kucheka. Nami nilicheka. Kisha nikazisoma habari zenyewe, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Mtu huyo ni bibi wa Kiingereza aitwaye Mandy Barker, mpiga picha ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa ni kuokota taka za plastiki zinazotapikwa na bahari na kuzifanyia picha. Mwaka 2012 alikuwa akitazama kidimbwi cha maji ya chumvi kilichobaki miambani, akaona kitu kikiyumbayumba ndani yake. Alidhani ni mwani. Alipokishika, kumbe ni kipande cha nguo. Tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka kama kumi, akawa anaokota mabaki ya nguo katika fukwe za nchi yake, tokea ncha ya kaskazini ya Uskoti mpaka Land's End, kule kusini-magharibi ya Uingereza. Alipata vipande zaidi ya 200. Mwaka 2025 akavitoa kitabuni.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema kwamba Waingereza nao wana taka zao, tuendelee na shughuli zetu. Lakini namna alivyozifanya picha hizo, na kitabu alichokifuatisha, vina mafunzo ambayo nahisi yanatuhusu sisi watu wa pwani hii kuliko hata hao walio karibu naye.

JUA, MAJI NA KARATASI

Picha zile hazikupigwa kwa kamera. Hazina lenzi wala filamu. Zimefanywa kwa njia kongwe iitwayo sayanotaipu, iliyovumbuliwa mwaka 1842 na mwanachuoni wa Kiingereza, Sir John Herschel, ambaye watu walimjua zaidi kwa elimu ya nyota. Njia yenyewe ni nyepesi. Huchukuliwa chumvi mbili za chuma, zikayeyushwa majini na kuchanganywa, kisha karatasi ikapakwa dawa hiyo kivulini na kuachwa ikauke. Juu ya karatasi huwekwa kile kitu kinachotakiwa picha yake, jani au utepe au chochote, kikabanwa kwa kioo, vyote vikaanikwa juani. Baada ya muda karatasi huoshwa kwa maji matupu. Pale palipopigwa na jua hugeuka buluu ya kukoza, na pale palipofunikwa husalia peupe. Basi ni hivyo tu. Picha ni kivuli kilichokubali kubaki baada ya mwenye kivuli kuondoka.

Wazee waliowahi kufanya kazi katika ofisi za ujenzi watazikumbuka zile ramani za nyumba zenye mistari myeupe juu ya karatasi ya buluu. Ni kazi ile ile. Na waliolelewa katika nyumba ambamo kanzu nyeupe za Ijumaa zilisuzwa kwa maji yaliyotiwa nili wataijua rangi yenyewe bila ya kuoneshwa. Ni buluu ya maji ya kina kirefu, pale ambapo mvuvi hupima kwa kamba na kamba isifike.

Mwaka mmoja tu baada ya uvumbuzi huo, yaani Oktoba 1843, bibi mwingine wa Kiingereza, Anna Atkins, alianza kutoa sehemu kwa sehemu kitabu cha mwani wa nchi yake. Huyu alizaliwa mwaka 1799 huko Tonbridge, akalelewa na baba aliyekuwa mtu wa elimu, na akafa mwaka 1871. Kilikuwapo kitabu cha mtaalamu mmoja, William Henry Harvey, kilichotoka mwaka 1841, kilichoeleza mwani wa Uingereza kwa maneno bila ya picha. Bi Atkins akaona upungufu huo. Akautwaa mwani wenyewe, akautandaza juu ya karatasi, akauachia jua kazi ya kuuchora. Alifanya hivyo kwa miaka kumi, karatasi moja moja, kwa mkono wake, na hata maelezo aliyaandika kwa mkono kisha akayatoa kwa buluu ile ile. Hesabika leo kuwa ndicho kitabu cha kwanza duniani kilichopambwa kwa picha zilizofanywa na mwangaza. Yeye mwenyewe hakuandika jina lake, ila herufi mbili tu, A.A.

Sasa, msomaji wangu, tazama alivyofanya Bi Barker. Amekitwaa kitabu hicho cha miaka mia na themanini nyuma akakifuatisha kwa ukamilifu. Karatasi ni ile ya buluu, na vivuli ni vile vyeupe vyenye matawi na mishipa na ncha zilizochanika. Ukikifungua bila ya kuambiwa utadhani ni mwani wa Bi Atkins. Ukisogeza macho ndipo utakapoona ukingo wa shati, uzi wa soksi, lasi ya vazi la ndani, wavu wa nguo ya michezo. Bahari imevitafuna vitu hivyo mpaka vikafanana na mimea yake yenyewe.

NENO "ATHARI"

Bi Atkins alikiita kitabu chake picha za mwani wa Uingereza, akaongeza neno la Kiingereza lenye maana ya alama zilizoachwa na kitu kilichogandamizwa. Bi Barker amelibadilisha neno hilo herufi chache tu, likawa na maana ya kasoro. Wajuao Kiingereza hulisifu sana jambo hili.

Lakini sisi hatuna haja ya kubadili hata herufi moja. Lugha yetu inalo neno athari. Katika Kiarabu lilikotoka, asili yake ni alama, ni unyayo, ni kile kinachobakia mahali baada ya mtu kupita. Waswahili wakalichukua wakalitia maana ya ila na doa. Chombo kina athari, yaani kina dosari. Siku hizi magazeti yetu hulitumia kwa madhara: athari za ukame, athari za mafuriko. Maana zote hizo zimekaa ndani ya neno moja kama ndugu katika chumba kimoja. Alama ya mtu aliyepita, na ila aliyoiacha, ni kitu kimoja. Wazee walioliunda neno hili kwa kulitumia hawakuijua plastiki, lakini kana kwamba walituwekea tahadhari.

Wako katika sisi watu ambao hawazipendi picha, kwa sababu za dini wanazozijua, na mimi si wa kuwajibu. Kuna mashekhe wa kufanya hivyo. Ila naona picha hizi zina jambo lake mbali. Hapana kiumbe kilichosawiriwa. Kitambaa hakina roho. Na hilo ndilo linalotisha: kisicho na roho kimechukua umbo la chenye uhai, kikakaa mahali pake, hata jicho la mtu mzima likadanganyika. Samaki naye, ambaye hajasoma kitabu, atafanyaje?

Wala hii si mara ya kwanza bibi huyu kutumia hila ya namna hii. Mwaka 2017 alitoa kitabu kingine, akiigiza maandishi ya mwanachuoni John Vaughan Thompson, aliyevichunguza viumbe vidogo vya baharini huko Cork, katika Ireland, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Aliokota plastiki katika bahari ile ile, akaipiga picha kwa filamu iliyokwisha muda na kamera mbovu, ikaonekana kama vijidudu vinavyoelea gizani, kila kimoja na jina lake la kubuni lenye sauti ya Kilatini. Mara zote mbili amekwenda kwa mtu wa kale aliyeihesabu bahari ilipokuwa safi, akamwambia: rudi uhesabu tena.

KITAMBAA CHA NANI?

Hapa ndipo pananipa mimi haya. Tukitaja plastiki, akili zetu huenda kwenye mifuko, chupa za maji na kandambili. Na kwa mifuko, nchi yetu ilichukua hatua ambayo nchi nyingi tajiri zilisita kuichukua: tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima, na adhabu yake si ya mchezo. Aliyeyaona mabonde ya Mombasa kabla ya siku hiyo na baada yake ataikiri tofauti.

Lakini nani amewahi kuitazama nguo akasema hii ni plastiki? Poliesta ni plastiki. Nailoni ni plastiki. Akriliki ya sweta ni plastiki. Zote asili yake ni mafuta ya ardhini, yakapikwa, yakavutwa kuwa uzi. Na ile tetroni ambayo sisi wanaume wa pwani twashonea kanzu, kwa kuwa haikunjiki na yakauka upesi, ni hiyo hiyo. Nimekwenda msikitini miaka mingi nimevaa kanzu za tetroni, nikatoka, nikapita ufukweni na kuwalaumu watoto wanaotupa chupa. Na mabuibui mengi yauzwayo leo, yale meusi yanayong'aa, si pamba wala hariri. Hata leso, ambayo hapo zamani ilikuwa ni pamba tupu, sasa lazima uishike na kuisugua kwa vidole kabla hujailipia, maana ziko za pamba na ziko zilizochanganywa.

Madhara yake hayangoji hata nguo itupwe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, huko Uingereza, walionesha kwamba mzigo mmoja wa nguo za akriliki wa kilo 6, ukifuliwa kwa mashine mara moja, waweza kutoa nyuzi ndogo zaidi ya 700,000 zikaenda na maji machafu. Mwaka uliofuata, ripoti ya Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile, IUCN, ilikadiria kwamba kiasi cha asilimia 35 ya chembe za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni chembe zatokana na kufua nguo za namna hii. Mtu aweza kuwa msafi wa kupigiwa mfano, hatupi hata ganda la njugu, na bado akaichafua bahari kwa usafi wake.

Babu zetu walichafua, nisiseme hawakuchafua. Walitupa matambara kama sisi. Lakini tambara la pamba lilikuwa na umri. Leso ikichakaa ilikuwa ya kubebea mtoto, kisha nepi, kisha kitambaa cha jikoni, kisha cha kupigia deki. Tanga la jahazi lilikuwa la nguo ya pamba, kamba zilikuwa za makumbi yaliyofukiwa matopeni, na kalafati ya chombo ilikuwa ni pamba iliyotiwa mafuta. Kikianguka chochote katika hivyo baharini, bahari ilikila kikaisha. Leo kamba ni ya nailoni, wavu ni wa nailoni, turubai ni la plastiki, shati ni la poliesta, na bahari inatafuna bila ya kumeza. Ndiyo maana bibi yule alipita fukwe za nchi yake miaka kumi na hakukosa cha kuokota.

JE, UCHAFU UPAMBWE?

Rafiki yangu mmoja, mtu wa kusoma, nilimsimulia habari hizi akanipinga. Akasema: "Ndugu yangu, huku si kuutia uchafu manukato? Takataka ni takataka. Ukizifanya nzuri, watu watazitundika ukutani, watazisifu, na wakishazisifu watakuwa wamemaliza wajibu wao."

Neno lake lina uzito, na sikulijibu siku ile. Nimelifikiri. Jawabu langu ni kwamba jicho la mwanadamu lina uvivu wake. Taka likiliona mara mia haliioni tena. Sisi tuishio kando ya mikono ya bahari twajua. Jalala la Kibarani lilikaa miaka na mikaka pale ukingoni mwa maji, katika njia kuu ya kuingilia kisiwani, likifuka moshi, na maelfu ya watu wakapita kila siku asubuhi na jioni, madirisha yakafungwa, mazungumzo yakaendelea. Ubaya wake haukumwamsha mtu; ulimzoeza. Ubaya una tabia hiyo.

Uzuri waweza kufanya jambo ambalo ubaya hauliwezi, nalo ni kumsogeza mtu karibu. Aisogeleaye picha ile ya buluu huisogelea kwa kupenda, kisha hugundua anachokipenda ni nini, na hapo hana pa kukimbilia. Amejikamata mwenyewe. Sisi tutungao mashairi twalijua hilo. Marthiya ya kumlilia maiti huwa na vina na mizani, na inapoimbwa kwa sauti nzuri watu husikiliza hata mwisho. Hajapata mtu kusema kwamba mtunzi amekipamba kifo. Amewapa wafiwa mahali pa kuuweka msiba ili waweze kuutazama. Kilio kisicho na mpango hufukuza majirani. Kilio chenye vina huwakalisha.

Hata hivyo sitaki kuonekana kwamba nimeridhika na yote. Ninazo lawama mbili.

Ya kwanza ni kwamba vitabu kama hivi hupita katika mikono ya wenye nafasi. Huoneshwa katika kumbi zenye taa nzuri, huandikwa katika magazeti ya watu waliokwisha kukubali. Mfuaji, mshoni na mvuvi hawavioni. Si kosa la bibi yule peke yake. Ndivyo ilivyo sanaa ya mji mkubwa. Lakini dawa iliyokaa kwenye kabati la tajiri haimponeshi mgonjwa aliye nje.

Ya pili ni kubwa zaidi. Vipande vile 200 na ziada ni nguo zilizopotea njia. Nyingi mno hazipotei. Zavuliwa, zakusanywa, zafungwa marobota, zapakiwa melini, na zaja huku kwetu.

KILINDINI NA KONGOWEA

Nani asiyejua safari hiyo? Marobota ya mitumba yashushwa Kilindini, mengine yapanda bara mpaka Gikomba, mengine yabaki hapa hapa, yafunguliwa Kongowea alfajiri huku wachuuzi wamesimama juu yake kama waliozingira samaki aliyevuliwa. Robota huuzwa limefungwa. Mchuuzi hajui alichonunua mpaka akate mikanda, na akikata akakuta theluthi yake ni nguo zilizochanika, zilizofifia, zenye madoa, ni hasara yake. Nguo hizo zaenda wapi? Nyingine ni matambara ya gereji. Zilizosalia zaenda jalalani, zachomwa moto, au zangojea mvua ya masika iziteremshe mtaroni na mtaro uzipeleke zinakokwenda mitaro yote ya mji wa pwani.

Sizungumzi dhidi ya mitumba. Asiyekuwa nayo ndiye ajuaye thamani yake. Maelfu ya watoto huenda shule wamesitirika kwa sababu ya mitumba, na kina mama wengi wamesomesha kwayo. Masikini haambiwi avae hariri. Ninachosema ni kwamba hesabu haijakamilika. Mtu aliyevua shati huko Ulaya akalitia katika sanduku la sadaka hudhani ametoa sadaka na mambo yamekwisha. Sadaka nyingine ni mzigo uliobadilishwa bega. Picha za Bi Barker zaonesha nguo zilizoangukia ufukwe wake. Siku moja apatikane wa kuonesha zile zilizoangukia wetu.

Na mwani wenyewe, yule wa kweli, hali yake si njema. Huko Unguja, na upande wetu wa Kwale kama Kibuyuni, kina mama huulima mwani kwa kuufunga kambani kwenye maji madogo, wakauuza ukavu. Aina iliyo na bei nzuri zaidi, ile waitayo kotonii, imekuwa ikiwafia Wazanzibari katika maji ya karibu kwa kuwa bahari imezidi joto, ikabaki ile ya bei duni. Tena, ajabu ya dunia, kamba nyembamba wanazoufungia ni za plastiki, na zikikatika huelea zikaungana na zile nguo. Basi mwani wa kweli wapungua na mwani wa uongo waongezeka. Ndiyo maana nasema yule bibi hakukosea sana alipodhani. Aliona mapema tu.

LA KUFANYA

Serikali za dunia zilikutana Nairobi, Machi 2022, zikaafikiana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yakaisha bila ya mapatano. Wakubwa wana mwendo wao. Sisi tusingoje kamba ya wakubwa ndipo tufunge ngalawa yetu.

Na mfano tunao nyumbani. Mafundi wa Lamu, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, waliunda jahazi ya Flipflopi kwa kiasi cha tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakaivika ubavuni vipande vya ndara vya rangi zote, wakaishusha majini mwaka 2018. Mwaka 2019 ikasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, ikitia nanga katika miji ya njiani na kuwafunza watu. Hiyo ndiyo sanaa iliyotoka ukumbini ikaenda kwa mwenye bahari. Haikuwauliza watu wa Kipini na Malindi kama wana tiketi ya kuingilia. Ilikuja yenyewe bandarini.

Mambo matatu nayaona yawezekana bila ya kungoja fedha za mtu.

La kwanza ni la waalimu. Somo la picha za buluu halitaki umeme wala mashine. Lataka dawa mbili zinazojulikana, zishikwe na mwalimu mwenye uangalifu, karatasi, maji, na jua, na jua Mola ametupa bila ya kupima. Watoto wa shule zilizo karibu na bahari washuke maji yakitoka, waokote wanachokikuta, wakiweke juu ya karatasi. Kila mwaka wafanye hivyo hivyo mahali pale pale, karatasi zihifadhiwe. Baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na kitabu kisichoweza kukanushwa na mkubwa yeyote. Bi Atkins alianza na karatasi moja.

La pili ni la serikali zetu za kaunti. Zinapoandika masharti ya taka, nguo ziingizwe katika jina la plastiki. Mchuuzi apewe mahali pa kuzipeleka nguo zisizouzika, na mshoni apewe mahali pa kumwagia vipande vilivyobaki chini ya cherehani, badala ya kuvifagilia mtaroni. Mwenye kuleta marobota aulizwe: yaliyoharibika yatarudi wapi?

La tatu ni la mimbari. Sote tuliokaa chuoni tumefunzwa kwamba hata maji ya udhu yana kiasi chake, hata mtu awe kando ya mto. Na aliyefika Sura ya Rum aijua aya ya 41, yataja bara na bahari na mikono ya watu. Sina haja ya kuifasiri mbele ya wanaoijua kuliko mimi. Twaisikia ikisomwa. Ni mara chache twaisikia ikishushwa mpaka kwenye nguo tuliyoivaa. Wahatibu wetu wakisema siku moja ya Ijumaa kwamba israfu si chakula peke yake, kwamba mtu mwenye kanzu kumi na mbili za tetroni ana la kujibu, maneno hayo yatafika mahali ambapo sheria haifiki. Nami nitakuwa safu ya mbele, nikisikiliza, nikijitazama mikono ya kanzu.

Nalimaliza kwa ubeti mmoja, maana la moyoni kwangu halitoki lote kwa nathari:

Nimeona la ajabu, nguo kugeuka mwani,
Si hadithi za mababu, yatokea ufukweni,
Na sisi ndio sababu, tutupao baharini,
Bahari ina jawabu, limelala mchangani.